Ndiva Hujaa Usiku
Kijitabu kwa mtu mzima wa Same anayefikiria kusomea uhasibu kwa masafa

Wapare tumezoea kutaniwa. Ukisema kwenu ni Same, mtu wa Dar es Salaam atakuuliza una kesi ngapi mahakamani, kisha atakusimulia habari za mzee aliyeuza ng'ombe wawili ili apate nauli na pesa za wakili, adai ng'ombe mmoja aliyedhulumiwa. Tucheke naye. Lakini mzee yule hakukosa akili. Alikosa mtu wa kumwandikia gharama upande mmoja na anachodai upande wa pili, akaona mwenyewe.

Na tukitaka kusema ukweli, ugomvi wetu mkubwa kuliko yote ulikuwa wa hesabu. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilileta kodi iliyojulikana kama mbiru, ambayo kiwango chake kilitegemea makadirio ya mali ya kila mtu. Watu wakauliza: ng'ombe wangu na migomba yangu vimehesabiwaje, na nani? Mwaka 1945 maelfu walishuka milimani wakaja kukaa hapa Same, makao makuu ya wilaya, wakiikataa. Hatimaye iliondolewa. Profesa Isaria Kimambo aliuandikia mgogoro huo kitabu kizima.

Kwa hiyo mtu wa miaka 40 anayesema "nataka kuwa mhasibu" hajavamia jambo geni. Huenda tayari anaifanya kazi hiyo bila jina lake. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi na mganga mfawidhi wa zahanati wanapokea fedha za serikali moja kwa moja kwenye akaunti za vituo vyao, na tangu mfumo wa hesabu za vituo, FFARS, uanze mwaka 2017 wanatakiwa kuingiza mapato na matumizi na kutoa taarifa. Mweka hazina wa VICOBA anakaa na daftari la wenzake thelathini. Karani wa AMCOS anapima kahawa. Mzee wa kanisa anahesabu sadaka. Wengi wao walijifunzia kazini, kwa kukosea.

Hesabu umri kabla ya kuhesabu ada

Watu wengi huuliza ada kwanza. Sisi tunashauri uanze na kalenda.

Shahada ya kwanza ya miaka mitatu nchini mwetu inabeba angalau krediti 360, na krediti moja imekadiriwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi: kusoma, kufanya mazoezi, kuandika majaribio, kufanya mtihani. Jumla ni saa 3,600. Sasa gawanya kwa saa unazoweza kutoa kwa wiki, na uwe mkweli, usihesabu zile za ndotoni. Mwenye saa 12 kwa wiki atahitaji wiki 300, yaani karibu miaka sita. Mwenye saa 18 atahitaji wiki 200, kama miaka mitatu na miezi kumi.

Tofauti hiyo ina uzito. Matangazo ya ajira serikalini, yanayotolewa na Sekretarieti ya Ajira, kwa kawaida humtaka mwombaji awe na umri usiozidi miaka 45, isipokuwa walio tayari kwenye utumishi wa umma. Mfanyabiashara wa Hedaru anayeanza akiwa na miaka 41 kwa saa 18 atafika kwenye mstari huo akiwa na miezi michache mkononi. Akianza kwa saa 12 atakuwa ameuvuka kwa mwaka mmoja na zaidi. Shahada ni ileile, lakini mlango mmoja umefungwa.

Mwalimu au muuguzi wa serikali ana njia nyingine, ya kubadilishiwa kada. Huyu amwone ofisa utumishi wa halmashauri kabla ya kulipa hata senti, apate ruhusa ya kusoma kwa maandishi, na aulize wazi atapangiwa cheo gani akimaliza. Mwenye shahada huingia kwenye uhasibu katika ngazi ya kuanzia, ile ya vijana wanaotoka chuoni. Kama umeshakuwa mwalimu mwandamizi, swali la mshahara wako utabaki vipi ni la kuuliza sasa, si baada ya mahafali. Kumbuka pia kwamba kustaafu kwa hiari ni miaka 55 na kwa lazima ni 60. Anayemaliza akiwa na miaka 52 na anayemaliza akiwa na 44 hawanunui kitu kimoja, ingawa wamelipa bei moja.

Aliyevuka 45 na hayuko serikalini asikate tamaa, ila abadilishe swali. Nani hapa wilayani ana fedha za watu na hana wa kuziandika? SACCOS, vyama vya wakulima wa tangawizi na mpunga, shule binafsi, dayosisi na sharika zake, hoteli za barabara kuu, wenye maduka wanaosumbuka na mashine za EFD na makadirio ya TRA. Huko hawaulizi tarehe ya kuzaliwa. Wanauliza kama hesabu zitapita kwa mkaguzi.

Kuhusu mikopo tuseme mapema ili mtu asipoteze nauli: miongozo ya Bodi ya Mikopo imekuwa ikiweka ukomo wa umri wa miaka 35 kwa mwombaji. Mtu mzima anasoma kwa fedha yake.

Milango ya kuingilia

Chuo kilichoundwa hasa kwa ajili ya mtu wa aina hii ni Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992. Makao yake yako Kinondoni, Dar es Salaam, lakini kina vituo mikoani, na cha Kilimanjaro kiko Moshi, safari ya kilomita kama 100 kutoka Same mjini. Masomo hupatikana kwa mtandao. Mitihani ndiyo inayokutoa nyumbani kwenda kituoni.

Mwenye alama mbili kuu za kidato cha sita, au stashahada yenye ufaulu unaotakiwa, anaomba moja kwa moja. Asiyezifikisha anaweza kupitia kozi ya awali ya Chuo Huria, au mfumo wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Sifa hupitiwa kila mwaka, kwa hiyo soma kitabu cha udahili cha mwaka huohuo kutoka Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Usitegemee alichoambiwa shemeji yako mwaka juzi.

Na anayeanzia chini zaidi? Kama hukumaliza kidato cha nne, kuna mtihani wa maarifa, kisha kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kama ulikimaliza lakini hisabati ilikuangusha, irudie. Haina aibu, na uhasibu hauhitaji hisabati ya kutisha. Unahitaji kujumlisha, kutoa, asilimia na uvumilivu.

Upo pia mlango ambao watu wengi milimani hawajausikia. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, ina mitihani yake yenyewe, kuanzia ngazi ya fundi uhasibu hadi CPA, na hufanyika mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba. Maoni yetu ni kwamba mtu wa miaka 48 anayetaka kutunza vitabu vya SACCOS ya kijijini angeanza na cheti cha fundi uhasibu kuliko kukimbilia shahada. Ni kifupi zaidi, kinatambulika, na kitamwonyesha kama kazi hii anaipenda au anapenda jina lake.

Shahada peke yake, kwa upande mwingine, si CPA. Anayemaliza shahada ya uhasibu bado ana mitihani ya bodi mbele yake, na baada ya mitihani kuna uzoefu wa kazi wa miaka mitatu kabla ya kusajiliwa. Anayekuahidi CPA kwa kulipia shahada ya mtandaoni anakudanganya.

Wapo pia wanaouza shahada za vyuo vya nje kupitia simu, kwa picha za majengo mazuri. Kabla ya kutuma fedha, uliza TCU kama chuo na programu yenyewe vinatambulika. Vyote viwili, maana chuo halali kinaweza kuwa na programu isiyo na ithibati.

Somo lenyewe ni nini? Gunia la tangawizi

Tuchukue mama wa Mamba Miamba anayenunua tangawizi. Ana shilingi 600,000 zake, anakopa 400,000 SACCOS. Mali yake ni 1,000,000, deni 400,000, mtaji 600,000. Mhasibu huandika hivi: mali ni sawa na deni kujumlisha mtaji. Mstari huo mmoja ndio nguzo ya nyumba nzima.

Ananunua tangawizi ya 700,000. Je, amepoteza fedha? Hapana. Fedha imegeuka kuwa bidhaa: taslimu 300,000, tangawizi 700,000, jumla bado milioni. Anaiuza kwa 900,000 kwa mteja wa Dar es Salaam, lakini kwa mkopo. Analipa usafiri 80,000 taslimu. Sasa ana 220,000 mkononi na anadai 900,000. Mali ni 1,120,000, deni bado 400,000, mtaji na faida 720,000. Amepata faida ya 120,000.

Halafu SACCOS wanakuja kudai 400,000 zao. Yeye ana 220,000.

Kila mtu hapa wilayani amemwona mfanyabiashara wa namna hiyo, aliyefilisika huku akiwa na faida, na majirani wakasema amerogwa. Vitabu vingeonyesha mapema kwamba faida na fedha iliyo mkononi ni vitu viwili. Debiti na krediti, leja, urari, mizania, uchakavu: hayo yote ni namna ya kumwandika yule mama bila kumpoteza njiani. Ukiielewa hadithi yake vizuri, umeanza muhula wa kwanza.

Kigumu kitakuwa lugha. Masomo na mitihani ni kwa Kiingereza, na mtu aliyefundisha darasa la pili kwa Kiswahili miaka ishirini atahisi mchanga mdomoni. Dawa tunayoijua ni kufanya swali lote kwa Kiswahili kwanza, na tarakimu zake, kisha kuliandika upya kwa Kiingereza. Inachukua muda mara mbili, kwa miezi mitatu au minne hivi. Kisha inapungua.

Saa 18 zinatoka wapi

Wazee wa bonde la Makanya walijua kwamba kijito cha mchana hakitoshi kumwagilia mahindi. Wakajenga ndiva, yaani bwawa dogo la kuhifadhi maji. Maji huelekezwa humo usiku kucha, asubuhi ndiva inafunguliwa kwa zamu, na shamba linapata maji mengi kwa mara moja badala ya matone kutwa nzima. Na zamu ina mwenyewe: ukiiba maji ya jirani kuna kesi.

Masomo ya masafa huenda hivyohivyo. Dakika ishirini za kuibia kati ya kazi na kazi hazijazi kitu, hasa kwa swali la mizania linalotaka saa nzima bila kukatizwa. Saa mbili za alfajiri kwa siku tano, na saa nane za Jumapili au Jumamosi kulingana na ibada yako, zinafika 18. Saa hizo zitangazwe nyumbani kama zamu ya maji. Mume, mke na watoto wajue. Msiba hautangoji, na msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, hautangoji, kwa hiyo acha wiki kadhaa tupu kwenye mpango wako wa mwaka.

Mtandao nao una wakati wake. Vijiji vilivyo nyuma ya mlima hupata mawimbi kwa kupandia, na umeme hukatika. Wanaofaulu hawasomi wakiwa hewani. Wanashuka Same siku ya gulio, wanapakua masomo ya wiki nzima kwenye kompyuta, wanarudi nayo. Kompyuta ya mtumba inatosha. Simu pekee haitoshi, kwa sababu jedwali la hesabu kwenye kioo kidogo linachosha macho ya mtu wa miaka 45.

Kwenye bajeti weka ada, bando, nauli ya Moshi na malazi ya siku za mitihani. Hilo la mwisho husahaulika, na anayetoka Vunta au Chome hawezi kuwahi mtihani wa asubuhi kwa kuondoka siku hiyohiyo.

Kabla ya yote hayo, fanya jaribio moja. Nunua kaunta buku. Chora mstari katikati ya ukurasa, na kwa miezi mitatu andika kila shilingi inayoingia nyumbani kwako upande mmoja na kila inayotoka upande wa pili, pamoja na ile ya sukari na ile uliyomkopesha kaka. Kila Jumapili linganisha baki la daftari na fedha iliyopo. Visipolingana, tafuta kosa mpaka ulipate. Daftari likifika mwisho likiwa safi, chukua vyeti vyako halisi na upande basi la Moshi. Likikaa wiki tatu bila kuandikwa, umejua mapema, na hasara yako ni bei ya kaunta buku.