Umefungiwa Akaunti na Mtambo? Dai Jibu la Binadamu

Dereva mmoja wa teksi za mtandaoni mjini Mombasa ameniandikia barua niliyoisoma mara tatu. Ijumaa moja usiku, mwendo wa saa nne na nusu, alikuwa ameegesha gari Nyali akingoja abiria. Simu ikamtaka ajipige picha ya uso ili kuthibitisha kwamba ni yeye aliye kwenye usukani. Taa ya ndani ya gari ilikuwa imeungua. Akajipiga picha gizani, ikakataliwa. Akajaribu tena, ikakataliwa. Hazikupita dakika kumi akaletewa ujumbe wa mstari mmoja kwamba akaunti yake imefungwa kwa kukiuka masharti. Ameifanyia kampuni hiyo kazi miaka mitano. Gari ni la mkopo, na logibuku iko kwa mkopeshaji.

“Wakili,” anaandika, “nimewaandikia ndani ya apu mara 11. Kila mara jibu ni lile lile, kwamba wameliangalia suala langu na uamuzi haubadiliki. Nilikwenda ofisini kwao, bawabu akaniambia mambo ya akaunti hayashughulikiwi pale. Nimwone nani?”

Barua za aina hii zimenijia nyingi. Kuna muuza vitenge aliyefutiwa ukurasa wenye wateja wake wote, na kijana wa video aliyezuiliwa malipo ya miezi mitatu. Kilio chao ni kimoja: wamehukumiwa na mtu wasiyemwona kwa kosa wasilotajiwa, na wakikata rufaa, rufaa inarudi kwa mtambo ule ule uliowahukumu.

Mtego unaowanasa wengi ni kile kisanduku cha mazungumzo ndani ya apu. Mtu anamwaga moyo wake humo wiki mbili, anaomba, anaapa, anaeleza habari za watoto. Kisha apu inamtoa nje kabisa, na kila alichoandika kimebaki upande wa kampuni. Rekodi za safari zake, nyota alizopewa na abiria, hesabu ya malipo yake, vyote viko ndani ya mlango uliofungwa. Kwa hiyo ukiona ujumbe wa kufungiwa, usianze kujieleza. Anza kupiga picha za skrini: ujumbe wenyewe ukiwa na tarehe na saa, orodha ya safari, salio, nyota. Jitumie kwa barua pepe usiku huo huo. Wala usiifute apu ukidhani ukiiweka upya mambo yatatengenea.

Mtego wa pili unaniudhi zaidi, maana wanaoutega ni watu wetu wenyewe. Msomaji wangu anasema alielekezwa kwa jamaa mmoja kwenye kituo cha mafuta anayejidai “ana mtu ndani”. Akamtumia shilingi 8,000 kwa M-Pesa ili akaunti ifunguliwe. Haikufunguliwa. Jamaa akaja na shauri jingine, amkodishie akaunti ya dereva mwingine kwa malipo ya kila wiki. Tafadhali, usikubali. Siku unapoendesha kwa jina la mtu mwingine, kampuni iliyokuwa haina hata chembe ya ushahidi dhidi yako inaupata, tena umeipelekea wewe mwenyewe. Abiria akipata ajali, bima itauliza nani alikuwa kwenye usukani.

Sasa sheria. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na kifungu chake cha 35 kinazungumzia jambo hili hasa. Kampuni ikifanya uamuzi kwa mtambo peke yake, na uamuzi huo ukakuathiri pakubwa, ina wajibu wa kukujulisha kwa maandishi kwamba uamuzi umefanywa hivyo. Wewe nawe una haki ya kuitaka iufikirie upya, au ifanye uamuzi mpya usiotegemea mtambo pekee. Kisha lazima ikujibu kwa maandishi imechukua hatua gani na matokeo ni yapi.

Mawakili wa kampuni watakwambia ulibonyeza “Nakubali”. Ni kweli kifungu hicho kinaruhusu uamuzi wa mtambo pale ulipotoa ridhaa au pale mkataba unapouhitaji. Lakini wajibu wa kukujulisha na haki ya kuomba uamuzi ufikiriwe upya vimeandikwa katika sehemu yake ya tatu, peke yake, na mimi sioni mahali ambapo kubonyeza kitufe kunavifuta. Ukiambiwa kwamba kuna mfanyakazi aliyeangalia, uliza aliangalia nini. Mwezi Aprili 2023 Mahakama ya Rufaa ya Amsterdam ilisikiliza kesi ya madereva wa Uingereza na Ureno waliofungiwa akaunti na Uber. Majaji waliona kwamba mkono wa binadamu katika kuwafungia ulikuwa wa jina tu. Hukumu ya Uholanzi haizifungi mahakama zetu, ila hoja yake inaweza kutumika mbele ya jaji yeyote.

Kuna na ule wimbo wa “sisi si kampuni ya Kenya”. Ukiyasoma masharti utakuta mkataba wako ni na kampuni iliyosajiliwa Ulaya au Marekani, na watu wengi wakifika hapo hukata tamaa. Usikate. Kifungu cha 4 cha sheria hiyo hiyo kinaifikia hata kampuni isiyo na makao hapa, mradi inashughulikia data za watu walio Kenya. Hata mahakama zimekwisha kuutikisa wimbo huo. Daniel Motaung wa Afrika Kusini, aliyekuwa Nairobi akikagua maudhui ya Facebook chini ya kampuni ya Sama, aliishtaki Meta mwaka 2022. Meta ikajitetea kwamba haifanyi biashara hapa na kwamba mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Mahakama ya masuala ya ajira ikaikatalia Februari 2023, na Mahakama ya Rufaa nayo ikaikatalia Septemba 2024. Hazikusema kwamba Meta ina hatia. Zilisema tu kwamba inaweza kushtakiwa hapa, na hilo si dogo.

Basi andika barua, iwe fupi. Ipeleke kwa anwani ya faragha ya data iliyo mwishoni mwa sera yao, maana dawati la wateja litakurudisha kule kule kwenye kisanduku. Unaweza kutumia maneno haya:

“Mnamo tarehe fulani mlifunga akaunti yangu. Chini ya kifungu cha 35 nataka mniambie kwa maandishi kama uamuzi huo ulifanywa na mtambo peke yake, na nataka ufikiriwe upya na binadamu. Chini ya kifungu cha 26 nataka nakala ya data zangu zote, zikiwemo picha mlizonikatalia, matokeo ya ukaguzi wake, na malalamiko yoyote yaliyotumika dhidi yangu.”

Ombi la nakala ya data halitozwi ada, na kanuni za mwaka 2021 zimewapa siku saba kulijibu. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data. Huhitaji wakili, na hata ukieleza kwa mdomo ofisi yake inawajibika kuyaandika. Sheria imempa Kamishna siku 90 kuyachunguza na kuyamaliza. Tena kifungu cha 65 kinakupa haki ya fidia, si kwa hasara ya pesa peke yake, bali hata kwa dhiki uliyopata.

Hapa lazima niiseme sheria yenyewe. Imemwekea Kamishna siku za kuhesabu, lakini kampuni inayotakiwa kuufikiria upya uamuzi wa mtambo imeambiwa tu ijibu “katika muda unaofaa”. Muda unaofaa kwa nani? Mkopeshaji wa gari hahesabu hivyo. Adhabu ndiyo inayonikera kuliko yote. Kamishna anaweza kutoza faini isiyozidi shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliopita, na kiasi kinachochukuliwa ni kile kilicho kidogo. Ulaya kiwango ni euro milioni 20 au asilimia 4, na kinachochukuliwa ni kile kikubwa. Kwa kanuni hiyo Meta ilitozwa euro bilioni 1.2 nchini Ireland mwezi Mei 2023. Hapa kwetu, Septemba mwaka huo huo, shule moja ya Nairobi ilitozwa shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Faini ilikuwa halali, sibishi. Lakini shule hiyo ilipungukiwa na karibu nusu milioni tu kufikia adhabu ya juu kabisa ambayo kampuni tajiri kuliko zote duniani inaweza kupewa Kenya. Kwa mapato ya Meta ya mwaka 2024, shilingi milioni 5 zinaingia katika muda usiofika sekunde kumi. Bunge liliandika neno moja, “kidogo” badala ya “kikubwa”, na kwa neno hilo likamnyang’anya Kamishna rungu.

Ndugu yangu wa Mombasa, barua itume Jumatatu asubuhi na uhesabu siku saba kutoka hapo. Picha za Nyali zikija, tazama kama uso wako unaonekana. Ikiwa ni giza tupu, ziambatanishe na malalamiko yako kwa Kamishna. Ule ujumbe wa M-Pesa wa shilingi 8,000 usiufute. Kujipatia pesa kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo chake kinafika miaka mitatu, na jina la yule jamaa limeandikwa kwenye ujumbe huo. Uchukue uende nao kituo cha polisi, na ukiandikisha taarifa usiondoke bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio.