Ugonjwa wa Mishipa ya Moyo Huanza Ujanani



Ndugu msomaji, mwaka 1953 madaktari wa jeshi la Marekani walitoa ripoti ya uchunguzi wa mioyo ya askari 300 waliouawa katika vita vya Korea. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22, yaani rika letu sisi tulio chuoni. Kilichowaua ni vita, si maradhi. Hata hivyo, zaidi ya robo tatu yao walikutwa na dalili za ugonjwa katika mishipa inayoulisha moyo. Kwa wengine ulikuwa unene kidogo wa ukuta wa mshipa, na kwa wachache mshipa ulikuwa umeziba kabisa.

Hapa Uganda tumezoea kusema kwamba maradhi haya ni ya wazee wenye vitambi na magari. Basi tutazame yanavyoanza.

Moyo hauli damu inayopita katika vyumba vyake. Hulishwa na ateri zake wenyewe zilizoenea katika mwili wake, jambo ambalo Ibn al-Nafis, aliyefariki Cairo mwaka 1288, alilieleza akimpinga Ibn Sina. Ateri hizo ni nyembamba, na ndizo zinazougua.

Kolesteroli, ambayo baadhi ya vitabu huiita lehemu, si sumu. Allah ameujaalia mwili uitengeneze wenyewe, hasa katika ini, na huitumia kujenga kuta za seli, homoni, vitamini D na nyongo. Shida iko katika usafiri. Kolesteroli haichanganyiki na maji, na sehemu kubwa ya damu ni maji, kwa hiyo hubebwa ndani ya vifurushi vidogo mno. Vifurushi vinavyohusika zaidi na ugonjwa huu huitwa LDL.

Wengi hueleza jambo hili kwa mfano wa bomba la jikoni linalojaa mafuta mpaka maji hayapiti. Mfano huo unapotosha, kwa sababu mafuta hayagandi juu ya mshipa bali huingia ndani ya ukuta wake. LDL ikiwa nyingi katika damu, baadhi ya vifurushi hupenya utando laini wa ndani ya ateri na kunasa chini yake. Vikikaa humo huharibika, na mwili huviona kama adui. Chembe nyeupe za damu huja kuvimeza, humeza kupita kiasi, hujaa mafuta na kufia humo humo. Lundo hilo hukua mwaka baada ya mwaka, na mwili hulifunika kwa kitu kama kovu. Mwenyewe hahisi chochote. Anacheza mpira, anapanda ngazi, anafunga Ramadhani.

Hatari kubwa ni kifuniko hicho kupasuka. Damu ikigusa uchafu uliomo huganda, kama inavyoganda kwenye kidonda, na bonge hilo laweza kuziba mshipa kwa muda mfupi sana. Likiziba mshipa wa moyo ni mshtuko wa moyo. Likiziba wa ubongo ni kiharusi. Na lundo linalopasuka si lazima liwe kubwa. Ndiyo maana husikika kwamba fulani alikuwa mzima jana, na leo anaswaliwa.

Ushahidi wenye nguvu dhidi ya LDL ulitoka kwa watoto. Wamarekani Michael Brown na Joseph Goldstein walichunguza ugonjwa wa kurithi ambao seli, hasa za ini, hushindwa kuiondoa LDL katika damu. Mtoto aliyerithi kasoro hiyo kwa baba na kwa mama anaweza kupata mshtuko wa moyo kabla ya kubaleghe. Walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1985. Watoto hao hawakufanya israfu yoyote, kwa hiyo tusimhukumu kila mgonjwa wa moyo kuwa mlafi.

Lakini israfu ipo. Tukisoma aya ya 31 ya Suratul Aaraf, akili zetu huenda kwenye chakula kinachotupwa, wala hatufikirii futari ambayo kila kitu mezani kimekaangwa. Dukani galoni ya mafuta imeandikwa kuwa haina kolesteroli. Ni kweli, ila karibu hakuna mmea wenye kolesteroli ya kuhesabika! Mafuta ya mawese, ambayo ndiyo tunayopikia wengi, karibu nusu yake ni aina ya mafuta inayolipunguzia ini nguvu ya kuondoa LDL. Samli na mafuta ya nyama ni hivyo hivyo. Kwa hiyo anayekula rolex kila usiku asiliogope yai peke yake. Aangalie pia chapati ilivyoogeshwa mafuta. Maharage, mboga za majani na karanga ni nafuu na vinasaidia. Sigara na shisha huharibu ule utando wa ndani wa ateri, na shisha imepigwa marufuku na sheria ya Uganda ya mwaka 2015.

Wapo wanaotosheka na habbat sauda na kukataa hospitali. Katika hadithi ya Usama bin Sharik, Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kutafuta tiba, na dawa za statini, zilizotokana na utafiti wa Mjapani Akira Endo juu ya ukungu miaka ya 1970, ni miongoni mwa tiba hizo. Hupunguza LDL na zimeokoa watu wengi. Mwenye mzazi au ndugu wa damu aliyepata mshtuko wa moyo akiwa bado kijana asisubiri maumivu ya kifua. Aende maabara akapime LDL, kisha ampelekee daktari majibu.