Somo la Usalama Kazini: Tulinde Masikio ya Wafanyakazi Wetu



Vyama vyetu vingi vina mitambo: viwanda vya kuchambua pamba, viwanda vya kukoboa kahawa, na mashine za kusaga nafaka vijijini. Kila msimu Bodi hukagua mitambo hiyo na kuhesabu mikanda iliyokatika na beringi zilizokwisha. Somo hili latutaka tukague kitu kingine kinachochakaa katika majengo hayo hayo, nacho hakina vipuri: masikio ya wafanyakazi.

1. Jinsi kelele inavyoharibu sikio

Ndani kabisa ya sikio mna kiungo kidogo kilichojiviringa mfano wa nyumba ya konokono. Humo mna chembe hai zipatazo 15,000 zenye vinyweleo vidogo mno. Sauti iingiapo, vinyweleo hutikisika na habari ikafika kwenye ubongo. Kelele kubwa ikidumu, vinyweleo huchoka, na hatimaye chembe hufa. Zikifa hazioti tena, wala hakuna dawa ya kuzirudisha.

Madhara haya huja polepole, tena bila maumivu. Mwanzoni mfanyakazi hutoka kazini jioni masikio yakivuma, na asubuhi husikia tena vizuri. Baada ya miaka husema, "Nimekwisha kuizoea kelele ya mashine." Mara nyingi hakuizoea, ameanza kuwa kiziwi. Sauti zipoteazo kwanza ni zile nyembamba, ambazo hutuwezesha kupambanua herufi kama s, f na sh. Kwa hiyo husikia kwamba mtu anasema, lakini hatambui kama amesema "sisi" au "fisi". Nyumbani hudhaniwa kuwa ana kiburi.

2. Ushahidi wa tangu zamani

Mwaka 1713 tabibu wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliandika juu ya wafua shaba wa Venice waliopoteza usikivu kwa mlio wa nyundo. Mwaka 1886 Thomas Barr, daktari wa Glasgow, alichunguza mafundi 100 wa kuunda boila. Miongoni mwa mambo aliyotaka kujua ni iwapo waliweza kusikia maneno katika mkutano wa hadhara. Mafundi 75 walisikia kwa taabu au hawakusikia kabisa. Kwa wapeleka barua, ambao kazi yao haina kelele, hali hiyo ilikuwa kwa watu 8 tu katika mia.

Kipimo hicho chatuhusu sana. Uwezo wa mwanachama umo katika Mkutano Mkuu: mwanachama mmoja, kura moja. Asiyesikia taarifa ya mapato na matumizi hawezi kuihoji. Hunyosha mkono kwa kuwa amewaona wenzake wamenyosha. Mwanachama afanyaye kazi katika kiwanda chetu, tukimwacha apoteze masikio, tumempokonya pia sehemu ya kura yake.

3. Kiasi kilicho hatari

Kelele hupimwa kwa desibeli. Wataalamu wengi hushauri kwamba mtu asikae katika kelele ya desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda hupunguzwa nusu: desibeli 88, saa 4, desibeli 91, saa 2, desibeli 94, saa 1, desibeli 100, dakika 15 tu.

Pasipo chombo cha kupimia, simameni watu wawili mkiachana urefu wa mkono. Ikiwa hamsikilizani mpaka mpaze sauti, yaelekea kiasi hicho kimepitwa. Waiteni wapimaji.

4. Hatua za kuchukua

(a) Chanzo. Mashine inayopiga kelele kuliko jana inadai matengenezo. Kazeni nati zilizolegea, pakeni grisi, badilisheni beringi, nyosheni mikanda, na wekeni mpira chini ya mtambo unaotikisika. Mnunuapo mashine mpya, mtakeni muuzaji aandike kiasi cha kelele yake.

(b) Njia ya sauti. Tengeni injini kwa ukuta. Meza ya karani na mizani visiwekwe ndani ya chumba cha mashine pasipo lazima.

(c) Muda. Wafanyakazi wapokezane, na mapumziko yawe mahali pa kimya.

(d) Vifaa. Vizibo na vifuniko vya masikio ni kinga ya mwisho, wala si badala ya hatua zilizotangulia. Pamba isokotwayo kwa vidole na kutiwa sikioni haikingi vya kutosha, ingawa katika kiwanda cha pamba ni rahisi kupatikana. Kifaa kivaliwe muda wote wa kelele. Kifaa kipunguzacho desibeli 30, kikivuliwa kwa saa 1 katika saa 8 za kelele, hesabu ya siku nzima hushuka na kuwa kinga ya desibeli 9 tu. Mikono iwe safi kabla ya kushika vizibo.

5. Wajibu wa Chama

Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi wake. Chama kiajiripo ni mwajiri kama wengine. Yafaa kila anayeingia katika kazi ya kelele apimwe usikivu kabla ya kuanza, kisha kila mwaka, na majibu aelezwe mwenyewe. Fedha za kazi hii ziingizwe katika makisio ya mwaka, pamoja na za vipuri.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa sikio, hata huo ukuta hatuna fundi wa kuujenga.

Maswali ya majadiliano

1. Katika majengo ya Chama chetu, ni wapi watu wawili hawasikilizani bila kupaza sauti? Ni nani hufanya kazi hapo, na kwa saa ngapi?

2. Ni matengenezo gani yanayoweza kupunguza kelele hiyo kabla ya msimu ujao?

3. Katika Mkutano Mkuu, tufanye nini ili wenzetu ambao usikivu wao umekwisha kupungua wafuate mazungumzo na kupiga kura kwa kuelewa?