Mkalimani Aliyekwama kwenye Neno "Wake"

*Mimi ni kijana wa Mulungwishi. Wageni wa Kiingereza wanapofika kanisani kwetu, mimi ndiye ninayewatafsiria. Mwezi uliopita alikuja mama mmoja daktari. Mchungaji alipomtambulisha alisema daktari anamshukuru mume wake aliyebaki nyumbani na watoto. Mimi nikatafsiri: "He thanks his husband." Wageni wakatazamana, na vijana wanaojua Kiingereza wakacheka. Aina nane za viwakilishi nimezikariri shuleni, hata usiku ukiniamsha nitakutajia. Lakini nikisimama mbele ya watu, "he" na "she" zinanichanganya. Tangu siku ile nimekataa kutafsiri. Je, ni Kiswahili chetu kinachoniharibia?*
*Mkalimani, Mulungwishi*

Mdogo wangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilikwama kwenye sentensi hiyo moja. Ina maneno manne na makosa mawili, na makosa hayo hayakuzaliwa nyumba moja.

Kosa la kwanza, "he", limetoka kwenye Kiswahili, hilo nakubali. Kwetu anayeshukuru ni "a-" tu: anashukuru. Awe bibi, bwana au mtoto, kitenzi hakiulizi. Kisanga hakiulizi, Kibemba vilevile. Umekua katika lugha ambazo hazikukudai kutaja kama ni mwanamume au mwanamke kabla ya kusema mtu amefanya nini, na hiyo si aibu hata kidogo.

Kosa la pili, "his", usilisingizie Kiswahili. Hilo naona limetoka kwenye Kifaransa cha darasani. Mfaransa husema "son mari" kwa sababu anatazama kitu kinachomilikiwa: mume ni wa kiume, basi "son", hata kama mwenye mume ni mwanamke. Mwingereza anamtazama mwenyewe mwenye mume. Daktari ni mama, kwa hiyo ni "her husband". Geuza upande wa pili utaona jambo lilelile: baba akimtaja mama yake mzazi, Kifaransa husema "sa mère", Kiingereza "his mother". Ukiwa jukwaani na "wake" ya mchungaji ikakufikia, usiulize ni mume au ni mke anayetajwa. Uliza ni wa nani.

Sasa kuhusu zile aina nane. Sikulaumu kwa kuzikariri, na mwalimu wako hakukosea kuzifundisha. Lakini orodha haikuwahi kumsaidia mkalimani aliyeshika maikrofoni. Kinachomsaidia ni kujua kwamba kazi nyingi za viwakilishi vya Kiingereza anazifanya kila siku kwa Kiswahili bila kuzipa majina.

Chukua mambo ya sokoni Likasi. Kijana ananunua unga wa bukari kwa mama mmoja. "Alimpa pesa, naye akamrudishia chenji." Tazama "alimpa": "a-" ni mtendaji, "-m-" ni mtendewa. Hujawahi kuvichanganya maisha yako yote. Hiyo ndiyo tofauti ya "he" na "him", ya "she" na "her", inayowatoa watu jasho darasani. Kiingereza kinakuomba uongeze jambo moja tu, yaani nani ni mwanamume na nani ni mwanamke: "He gave her the money, and she gave him the change." Viambishi vya Kiswahili vimekwisha kukupangia nafasi. Wewe unamvalisha kila mmoja nguo yake.

Au chukua "wanajipenda" na "wanapendana". Kwetu hayo ni mambo mawili mbalimbali: la kwanza kila mmoja anajipenda mwenyewe, la pili mapenzi yanakwenda na kurudi. Kiingereza nacho kinatenganisha: "they love themselves" na "they love each other". Kifaransa husema "ils s'aiment" kwa yote mawili, na msikilizaji anaachiwa akisie. Hapo, ndugu yangu, ukipitia Kifaransa unajipotezea njia uliyokuwa nayo mkononi. Ndivyo ilivyo pia kwa vitu. Huko kwenu mtu husemwa "ule" na kitu "ile", na hakuna anayeichukulia meza kama mwanamke. Kwa Mfaransa meza ni "elle". Kwa Mwingereza ni "it", basi. Na penye mtu aliyekuja weka "who", penye kitu kilichoanguka weka "which". Tahadhari yangu ni wanyama tu: sisi tunasema "mbuzi aliyekuja" kama tunavyosema mtu, lakini Kiingereza kwa kawaida hakimpi mbuzi "who".

Kuna mtego mwingine ambao hukuutaja, nami nauogopa kuliko huo wa "he" na "she", kwa sababu unatoka kwenye adabu. Katanga mzee hatajwi kama mtoto. Mtu husema "ba mama banakuya" na anayekuja ni mama mmoja. Ukiitafsiri neno kwa neno utasema "they are coming", na wageni watageuka mlangoni kutafuta kundi la akina mama. Sema "she is coming". Najua moyo utakuuma kumpunguza mzee namna hiyo, lakini hujampunguza. Heshima ya Kiingereza haikai kwenye kiwakilishi. Inakaa kwenye jina na cheo, kwa hiyo mtaje kwanza kwa cheo chake, "Reverend" au "Doctor", kisha endelea na "he" au "she" bila hofu.

Kwa "you" hali ni kinyume, kwani Kiingereza cha leo kimezipoteza "wewe" na "ninyi" zikawa neno moja. Zamani kilikuwa nazo, na kwa kuwa unatafsiri kanisani utazikuta katika Biblia ya Kiingereza ya 1611: "thou" na "thee" ni za mmoja, "ye" ni ya wengi. Fungua Yohana 3, mstari wa 7. Yesu anazungumza na Nikodemo usiku, watu wawili tu. Katika mstari huo mmoja anaanza na "thee", yaani nimekuambia wewe, kisha anaingia kwenye "ye", yaani ninyi nyote. Katika Biblia nyingi za Kiingereza za sasa huioni hatua hiyo, maana zote mbili ni "you". Kiswahili kinaionyesha bila shida. Siku mgeni akihubiri mstari huo kwa "you" mbili zinazofanana, wewe mkalimani ndiwe utakayewarudishia wasikilizaji wa Mulungwishi kile ambacho Kiingereza chake kimekificha.

Nataka ufanye hivi kabla ya ibada ijayo. Mwendee mchungaji mapema, muulize atawataja nani na nani. Waandike kwenye karatasi ndogo, na mbele ya kila jina andika safu yake: baba, "he, him, his", mama, "she, her, hers". Kumbuka kwamba "her" inafanya kazi mbili, "I saw her" na "her book", na "his" nayo ina mbili zake, "his book" na "the book is his". Karatasi iwe mkononi wakati wa kutafsiri. Wakalimani wa kazi huandika pia, hakuna anayetegemea kichwa kitupu.

Jioni, nyumbani, jizoeze kwa sentensi hii, kisha uniletee jibu lako: *Mama alimwona baba wa makaa akisukuma baiskeli yake, akamwita mwanawe amsaidie.* Kabla hujaanza, amua baiskeli ni ya nani, mwana ni wa nani na ni wa kike au wa kiume, na anayesaidiwa ni yupi.