Kumfundisha Mwanafunzi Kutafuta Chanzo: Mfano wa Pikipiki Inayositasita

Fundi abahatishaye humgharimu mwenye pikipiki nozeli mpya bila sababu. Naye hufinyangwa darasani mwetu. Katika somo la Sayansi, tuchukue pikipiki isiyo na kabureta, ambayo kompyuta huamuru nozeli inyunyize petroli. Ikienda taratibu hushtukashtuka. Ikiongezwa mafuta hutulia. Kwa nini?

Gramu 1 ya petroli huhitaji gramu 14.7 hivi za hewa ili iungue yote. Mlango wa hewa ukifunguliwa kidogo, hewa iingiayo ni kidogo. Basi hata ufa mwembamba katika mpira uunganishao mlango huo na injini waweza kuharibu uwiano. Ukifunguliwa sana, hewa ya ufa haina athari kubwa.

Wanafunzi waorodheshe mashaka yao, kisha, injini ikiwa imezimwa na kupoa, wakague moja moja, wakianza na yasiyo na gharama: ulegevu wa mnyororo, ulegevu wa waya wa mafuta, mpira, uchafu katika mlango wa hewa, plagi. Wakirekebisha mawili kwa pamoja, hawatajua lipi lililoponya. Mwalimu asitaje jibu, aulize, “Umejuaje?”

Zoezi: Andaa somo kama hili ukitumia taa ya baiskeli isiyowaka.