Somo la Mwezi: Kukodi na Kukodisha Shamba Bila Ugomvi

Katika mashamba ya makao wakulima wengi siku hizi hulima ardhi isiyo yao. Wengi wa wale waliopewa mashamba Mpango wa Ekari Milioni ulipoanza mwaka 1962 wamezeeka au wamefariki, na watoto wao wengine wanafanya kazi mijini. Kwa hiyo ekari mbili hukodishwa huku, ekari tatu kule, na mara nyingi mapatano hufanywa kwa maneno tu. Mambo huwa mazuri mpaka mvua inyeshe vema na bei ya viazi ipande. Hapo ndipo shauri huanza.

Tuchukue mfano. Mkulima amekodi ekari 2 kwa miaka 3, akalipa kodi yote mara moja bila karatasi yoyote. Ametia samadi, amechimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko, amepanda viazi. Mwaka wa pili anatokea ndugu wa yule aliyemkodisha na kusema, "Shamba hili ni la marehemu baba yetu, na sisi hatukukubali." Viazi vimo ardhini. Mpangaji huyu atapata shida kubwa kujitetea, kwa kuwa aliacha mambo matatu. Tuyatazame moja moja.

JAMBO LA KWANZA: NANI ANA MAMLAKA YA KUKODISHA?

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, mwombe mwenye shamba nambari ya shamba, kisha uende ofisi ya usajili wa ardhi ufanye uchunguzi wa rejista, ambao watu wengi huuita sachi. Karatasi utakayopewa itaonyesha jina la mwenye shamba, na kama kuna deni au zuio. Shamba la makao ambalo bado lina deni la serikali lina masharti yake. Uliza kwanza ofisi ya makao kama laweza kukodishwa.

Kama jina katika rejista ni la mtu aliyefariki, simama hapo. Kwa Sheria ya Urithi hakuna mtoto, hata kama ni kifungua mimba, awezaye kukodisha shamba la marehemu kabla ya mahakama kutoa barua za usimamizi wa mirathi. Wenye barua hizo ndio wa kuzungumza nao.

Tena, uliza habari za mke au mume. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 yasema kwamba katika ndoa ya mke mmoja, mali ya ndoa haiwezi kuuzwa, kutolewa zawadi wala kukodishwa bila wote wawili kukubali.

JAMBO LA PILI: KIBALI CHA BODI

Sheria ya Kusimamia Ardhi, iliyoanza kutumika mwaka 1967, yataka kibali cha Bodi ya Ardhi kwa kuuza, kugawa au kukodisha shamba la kilimo katika maeneo yaliyotangazwa chini yake. Maombi hupelekwa katika muda wa miezi 6 tangu mapatano kufanywa. Pasipo kibali, mapatano huwa batili. Aliyelipa aweza kudai fedha zake zirudishwe kama deni, lakini fedha za kodi si viazi. Mbegu, samadi na jasho lake havimo katika hesabu ya kodi ile.

JAMBO LA TATU: MKATABA WA MAANDISHI

Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yakubali mapatano ya mdomo kwa muda wa miaka 2 au chini yake, yasiyo na ahadi ya kuongezwa. Muda ukizidi hapo, mkataba lazima uandikwe na kusajiliwa. Hata hivyo, andikeni hata kama ni msimu mmoja tu. Yafaa mkataba utaje:

(a) majina na nambari za vitambulisho vya wote wawili, na za mashahidi;
(b) nambari ya shamba, ukubwa wa sehemu inayokodishwa na mipaka yake;
(c) tarehe ya kuanza na ya kumaliza;
(d) kodi ni kiasi gani na italipwa lini;
(e) nani atavuna mazao yatakayokuwa shambani siku ya mwisho;
(f) nani atatunza mitaro, miti na ua.

Kila malipo yawe na risiti. Risiti humlinda mpangaji, na humlinda mwenye shamba pia. Wengine huogopa kwamba mpangaji akikaa miaka 12 atalidai shamba liwe lake. Anayelima kwa ruhusa ya mwenyewe na kulipa kodi hana dai hilo, na risiti ndizo ushahidi wa ruhusa hiyo.

SHAURI LIKITOKEA

Mwenye shamba, usiingize trekta wala ng'ombe katika mazao ya mpangaji. Mpangaji anayelipa na kutimiza masharti ana haki ya kukaa kwa amani mpaka muda uishe. Akivunja sharti, mpe notisi ya maandishi, utaje kosa lake na muda wa kulirekebisha. Kama hamkutaja muda wa kukodi, notisi isipungue kipindi kimoja cha kulipa kodi. Mpangaji naye asikate miti ovyo wala kuuchosha udongo.

Mkishindwa kupatana, pelekeni neno kwa wazee au kwa chifu. Katiba ya mwaka 2010 yakubali upatanishi wa namna hii. Lakini yale mabaraza ya mashauri ya ardhi yaliyowekwa na sheria ya mwaka 1990 yalifutwa mwaka 2011, basi wazee hupatanisha tu. Mkikubaliana, andikeni na mtie sahihi.

Upatanishi ukishindwa, kuna mahakama ya hakimu, na juu yake Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Usipeleke shauri la shamba kwa baraza la kodi za maduka. Hilo ni la wapangaji wa maduka na hoteli.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili asikate tamaa. Sheria ya mwaka 2016 iliunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria kwa ajili ya watu wasiojiweza. Pia kuna Kituo Cha Sheria, kilichoanzishwa mwaka 1973, na FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake kinachowasaidia akina mama. Uendako, chukua mkataba, risiti na ile karatasi ya uchunguzi. Msaidizi wa sheria hawezi kufanya kazi kwa maneno matupu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Shamba unalolikodi limeandikwa jina la nani katika rejista?
2. Je, kibali cha Bodi kipo?
3. Mkataba wako wasema nani atavuna mazao ya mwisho?
4. Risiti zako umeziweka wapi?

Kama hukuweza kujibu hata moja, lishughulikie kabla ya kupanda.