Dondoo muhimu: Ukihama Word kwenda LibreOffice, usiache vifupisho vyako

Kwa wanaopiga taipu barua na vyeti mtaani Cimpunda, Bukavu, vifupisho vya Word havihami vyenyewe. Vijenge upya hivi:

• Kichwa cha barua. Andika mara moja «République Démocratique du Congo, Province du Sud-Kivu, Ville de Bukavu, Commune de Kadutu». Yachague maandishi hayo, bonyeza Ctrl+F3, yape jina na kifupisho, tuseme «kdt», uyahifadhi kama AutoTexte mpya. Kuanzia hapo andika kdt, kisha bonyeza F3.

• Angalia lugha. Ukitumia pia masahihisho ya papo hapo, orodha yake hufuata lugha ya maandishi. Ulichokiweka upande wa Kifaransa hakitafanya kazi kwenye barua ya Kiswahili. Kiweke kwa lugha zote.

• Chunga Enter. Writer, programu ya kuandikia ya LibreOffice, hukumbuka maneno marefu na kuyakamilisha, na Enter hulikubali pendekezo badala ya kushusha mstari. Chagua kitufe kingine kupitia menyu ya Outils.

• Weka akiba. Nakili kwenye kle USB folda ya «autotext» iliyo ndani ya folda ya mtumiaji ya LibreOffice. Mashine ikifa, vifupisho vyako vya AutoTexte vitabaki.